Kibanda cha Mizani Kilichooshwa

Habari ilimfikia Verna Havrilla mikono yake ikiwa imezama kwenye unga mpaka viwikoni, kwa hiyo hakuweza hata kujifanya ana pa kwenda.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya wanawake wa parokia kukutana kwenye jiko lililo chini ya kanisa na kukunja pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vinavyojazwa viazi na jibini. Dolly Sedlak, ambaye mpwa wake hukaa kaunta ya duka la dawa, alimsogelea akashusha sauti, lakini aliishusha kiasi cha kusikika meza tatu.

"Mwenzangu, sisemi kwa ubaya. Hivi Clement wako anaifanyia nini spiriti?"

"Spiriti ipi?"

"Ile ya kusafishia vidonda. Chupa nne wiki jana, nne nyingine juzi. Mpwa wangu anauliza kama nyumba nzima mmejikata."

"Labda anasafisha masikio," akadakia mwanamke wa meza ya pili.

"Chupa nane? Kwani ana masikio mangapi?"

Wakacheka. Verna naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni, akaendelea kubana kingo za unga. Lakini zile alizozibana mchana ule zilipasuka karibu zote sufuriani.

Habari ile haikumtoka. Ilipanda naye kilima, ikakaa naye mezani. Mumewe Andy, aliyekufa miaka kumi na mmoja iliyopita, mwishoni baa zote za mjini zilipomkataa alikuwa akinywa chochote kilichochoma koo. Clement, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameifuata njia hiyohiyo mpaka alipofika miaka thelathini na tisa. Kisha siku moja akaacha, akarudi kwenye chumba chake cha utotoni na begi moja, akapata kazi ya asubuhi kwenye kiwanda cha maboksi. Miaka miwili sasa. Kila jioni baada ya chakula alishuka chumba cha chini, na Verna akiuliza, alijibiwa, "Najenga, Mama." Magoti yake hayapendi ngazi, naye alitosheka na jibu hilo kwa sababu alitaka kutosheka.

Alijua tu kwamba kuna wanaume wanaokutana kwenye kituo cha zamani cha zimamoto, wana reli ndogo iliyozunguka ukumbi mzima, yenye milima ya plasta na treni za urefu wa kiganja. Kando ya njia ya makaa ya mawe palikuwa na pahali patupu, upana wa sahani, na wanaume hao walimwambia Clement ajenge jengo la kuweka hapo kabla ya Jumapili ya watu kuja kutazama. "Wamenipa nafasi," alimwambia mama yake siku hiyo, kwa sauti ya mtu aliyepewa shamba. Tangu aache pombe hakuna mtu mwingine aliyemkabidhi kitu cha kutunza.

Ijumaa asubuhi, mwanawe akiwa kazini, Verna alishuka ngazi kinyumenyume kama anayeteremka kisimani.

Harufu ndiyo iliyomlaki. Juu ya meza palikuwa na mtungi wa kioo wa achari uliojaa maji meusi yenye kuwasha pua, na chini ya meza chupa za spiriti, mbili tupu na sita zikiwa na kitu. Kulikuwa na vipande vya msasa, wembe, kibanio cha nyusi ambacho yeye mwenyewe alikitafuta tangu masika, na mafungu ya njiti za mbao nyembamba kama nyasi kavu. Katikati ya hayo yote, juu ya ubao, kilisimama kijengo.

Verna alikiinamia akakitazama. Kilikuwa kimelalia upande mmoja. Mbao zake zilikuwa za kijivu, nyingine zimeachia misumari, moja imekosekana kabisa. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Paa la karatasi nyeusi lilikuwa limeraruka pembeni, na chini ya kila msumari palitiririka kutu. Aliwaza: hii ndiyo kazi ya mikono inayotetemeka. Akaikumbuka baraza ambayo Andy aliijenga mwaka wake wa mwisho, jinsi ilivyopinda, jinsi majirani walivyopita wakiitazama bila kusema neno. Na Jumapili mji mzima ungepita mbele ya kijengo hiki, Dolly Sedlak akiwa wa kwanza.

Spiriti aliimwaga yote kwenye sinki la kufulia, na mtungi pia. Hapo angeweza kuishia. Mwanamke mwenye hasira angeishia hapo. Lakini yeye hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na huruma haikumwachia nafasi ya kufikiri. Alikibeba kijengo mpaka jikoni, akajaza beseni maji ya uvuguvugu, akatia sabuni ya vyombo, akachukua mswaki wa zamani akaanza kusugua. Uchafu ulitoka vizuri. Ulitoka kijivu, halafu kahawia, halafu rangi ya chai. Mbao mbili zilipoachia alizirudisha kwa gundi. Akakinyoosha, akakibana kati ya kopo la maharage na kopo la nyanya ili kisimame wima, kisha akakipaka rangi nyekundu ya baraza iliyobaki kwenye ndoo. Alipomaliza kiling'aa. Akanawa mikono, akajiona amemwokoa mtu.

Clement aliingia saa kumi, koti la kiwandani bado mwilini. Alisimama mlangoni mwa jikoni. Kisha akapiga goti mbele ya meza, jicho lake likawa sawa na kizingiti cha kile kimlango kidogo.

"Nani amekileta huku juu?"

"Mimi. Kilikuwa kichafu, mwanangu. Nimekuoshea."

"Hii rangi ni ya baraza."

"Ilibaki kidogo."

Maji yalikuwa yamekwishafanya yao. Gundi nyeupe ililainika, mbao zilikuwa zikikauka na kujikunja, na ukuta wa mbele ulikuwa umeanza kuvimba tumbo walipokuwa wakiutazama.

"Ule uchafu niliuweka mimi," alisema Clement.

Verna hakuelewa, naye akamweleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa barua. Kila ubao aliuchovya peke yake kwenye spiriti yenye matone machache ya wino, kabla ya kuugundisha, maana pale gundi ilipogusa, wino haushiki. Spiriti hukauka haraka, ubao haupati muda wa kupinda. Halafu rangi, na rangi ikiwa haijakauka vizuri unabandika utepe wa gundi na kuuvuta, ili itoke kama inavyotolewa na mvua za miaka arobaini. Matundu ya misumari aliyatoboa kwa sindano, moja moja. Kutu ilikuwa unga wa chaki.

"Miezi saba, Mama."

"Na spiriti…"

"Spiriti ni ya wino." Akatazama upande wa ngazi. "Umeimwaga."

"Nimeimwaga."

"Ulidhani nakunywa."

Angeweza kukana. "Watu wanasema…"

"Sikukuuliza watu."

"Nilipokiona kimelala vile, Clement. Mtu akikiona kimelala vile…"

"Ule mlalo niliupima kwa rula." Akacheka mara moja, bila furaha. "Basi nilikijenga vizuri. Kimekudanganya hata wewe."

"Nilikuwa nakusaidia tu."

"Miaka miwili," alisema. "Ungenusa pumzi yangu siku moja, basi. Ungeniambia, Clement, hebu pumua. Ningekupulizia usoni, tungecheka, tukala."

Aliinua paa kwa ukucha, akachungulia ndani, akalirudisha taratibu kama anayefunika mtoto. Hakupandisha sauti. Verna alimngoja apige meza, atukane, afanye lolote ambalo baba yake angefanya, ili yeye naye apate la kulia. Clement alivua koti, akanawa, akala supu yake yote, akasema asante.

Jumamosi alikwenda kituo cha zimamoto kuwaambia wenzake. Jumapili Verna alijipitisha pale pamoja na watu wengine. Kando ya njia ya makaa ya mawe walikuwa wamenyunyiza vumbi la mbao lililopakwa kijani, pakawa uwanja wa majani. Kijitreni kilipita bila kusimama. "Mbona wa kwako hayumo?" Dolly aliuliza, na Verna akajibu kwamba hakuwahi kumaliza, jambo ambalo lilikuwa uongo na matusi kwa pamoja.

Clement hakurudia pombe. Verna huwaambia hilo wanawake wa Alhamisi kabla hawajauliza. Baada ya wiki tatu alipanga chumba karibu na kiwanda, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Hupiga simu kila Jumapili saa sita, anauliza hali ya magoti, anajibu kila anachoulizwa kwa adabu, kama mtu anayeongea na padri mgeni. Akiulizwa kama anajenga chochote, husema hana meza.

Kijengo alikiacha. Siku alipokuwa akifagia chumba alichokihama mwanawe ndipo Verna alipolishika paa, nalo likatoka bila kushindana. Ndani, mahali ambapo macho ya watazamaji yasingefika, palikuwa na benchi, jiko la makaa dogo kuliko shanga, na watu wawili wameketi: mwanamume aliyevua kofia, na mwanamke mwenye koti la buluu lenye kola nyeupe. Koti kama hilo Verna alilivaa majira matatu ya baridi, alipokuwa akienda kumngoja Andy zamu ikiisha, enzi Andy akiwa mpima makaa kwenye kibanda cha mizani kama hiki, kabla mgodi haujafungwa na kabla ya mengine yote. Clement alikuwa na miaka minne. Maji ya sabuni yalikuwa yamepita humo. Buluu ya koti ilichuruzika mpaka kwenye viatu vya mwanamume.

Mwenye mtoto mtu mzima anayejenga vijumba aepuke haya:

Kuamini chupa kabla ya kumsikiliza mwenye chupa.

Kucheka pamoja na wanaomcheka.

Kushuka ngazi akiwa hayupo.

Maji ya uvuguvugu karibu na gundi nyeupe.

Kusugua mbao zilizopakwa wino. Kinachotoka si uchafu.

Kunyoosha kilichopinda bila kuuliza nani amekipinda.

Kusema "nilikuwa nakusaidia."

Kungoja mpaka mwenyewe ahame ndipo uinue paa.