Boti Iliyokataa Kupona

Umewahi kuona boti juu ya mlima, wewe? Si mtumbwi wa wavuvi wa ziwa Basotu, hapana. Boti hasa, nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni na pua iliyochongoka, ile ambayo wenye nafasi humvutia mtu juu ya maji akiwa amesimama kwenye mbao mbili. Kama hujaiona, basi hukupita Maretadu mwaka ule. Ilikaa uani kwa mzee Tluway, kati ya zizi la ng'ombe na shamba la maharage, na kuku walitaga ndani yake.

Ililetwa na lori lililokuja kuchukua maharage. Aliyeituma ni Gerald, mtoto wa mwisho wa Tluway na mkewe Marieta, ambaye alikuwa Mwanza akiendesha boti ya hoteli moja. Hii aliipata kwa mtu aliyeigonga kwenye mwamba, akaitelekeza ufukweni ikajaa mvua. Tumboni ilikuwa na tundu la kupitisha mwana-mbuzi, na injini ilikuwa imemeza maji mpaka ikaganda.

"Mafundi wa huku wanaichungulia tu na kutikisa kichwa," Gerald alisema kwenye simu. "Baba ataiweza. Ikipona nitaichukua, niache kuendesha ya mwenzangu."

Na kweli, nani angeiweza kama si Tluway? Alizeekea kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, akitengeneza matrekta, na matangi ya dawa yakitoboka ni yeye aliyeyaziba kwa faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo. Watu walisema Tluway akiziba kitu, hapo ndipo mahali pa mwisho kuvuja.

Lakini Marieta hakuifikiria boti. Aliwaza kwamba kabla yake, Gerald alikuja nyumbani kwa misiba tu. Alimzika shangazi yake, na kesho yake alfajiri alishapanda pikipiki. Krismasi ilikuwa ya simu: "Mama, kazi zimebana." Marieta alichinja jogoo hata hivyo, wakala wawili, yeye na mzee, na mapaja yote mawili yakabaki kwenye sufuria kwa sababu hakuna aliyetaka kuyagusa.

Sasa boti ikamleta.

Alikuja kwa basi mpaka Haydom, kisha pikipiki, mgongoni begi la vitambaa vya faiba na mkononi dumu la rezini, ule utomvu wa dukani unaogandisha vitambaa viwe kama mfupa.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda," alisema Marieta.

"Mama, kila siku nimekonda."

"Kila siku nakuona? Weka mzigo, maji yapo tayari motoni. Nakusongea ugali."

Wakaingia uvunguni mwa ile boti, baba na mwana, wamelala chali kwenye gunia. Tluway aligonga tumbo la boti kwa mpini wa nyundo, akitega sikio kama mtu anayechagua kibuyu. Palipolia ngo, ngo, palikuwa pazima. Palipolia bubu, mbao za ndani zilikuwa zimeoza, akapachorea duara kwa mkaa. Gerald akashika mpini naye akajaribu.

"Hapa pazima, baba."

"Hapo pameoza mpaka rohoni. Masikio umeyaacha Mwanza?"

Marieta, akichambua maharage mlangoni, aliwasikia wakicheka. Alichambua yale maharage taratibu sana. Hata yaliyokwisha kuwa safi aliyarudia.

Jirani yao Qamara hakukosa siku.

"Tluway! Hiyo meli itashuka mlima kwa miguu yake, au unangoja gharika?"

"Nangoja gharika. Wewe sikupakii."

"Nipakie, bwana. Mimi na mke wangu tupo jozi tayari."

"Nafasi ya nyani ilishajaa."

Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu ukishuka mpaka kwenye paa, na rezini ikagoma kukauka. Wakaifunika boti kwa turubai, wakasukuma jiko la mkaa uvunguni, wakakaa kulilinda kama mtu anavyomlinda mgonjwa. Gerald alimsimulia baba yake habari za mawimbi, na Tluway, ambaye kwa kawaida huongea kama anayelipia kila neno, alimsimulia jinsi alivyoogopa trekta siku ya kwanza. Marieta alikuwa ameishi naye tangu ujana na hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Gerald alirudi Mwanza, akaja tena na vipuri vya injini. Tluway alikuwa amekwisha kuiloweka kwa dizeli, akiizungusha kidogo kidogo kila asubuhi baada ya kukamua, mpaka pistoni zikaachia. Kwa kuwa injini ya boti hujipoza kwa maji ya ziwa, na ziwa halipo Maretadu, walijaza pipa, wakatumbukiza mpira ndani yake, na watoto wa majirani wakapewa ndoo za kuongezea. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Ndama wa Qamara alikata kamba. Gerald alimkumbatia baba yake mbele za watu, jambo ambalo huku mwanamume hamfanyii baba yake, na Tluway akasimama mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Jioni, wakila, Gerald alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Bado kile kiraka cha tumboni tu. Kikikauka, naleta lori. Nimeshapata pa kuiegesha. Nikianza kazi ile, mama, hata kulala sitalala!"

Tonge la Tluway lilisimama njiani.

"Utabanwa sana," alisema.

"Sana, baba! Mungu jalia nibanwe!"

Tluway alilirudisha tonge kwenye sahani.

Gerald aliondoka. Haikupita muda mrefu, Marieta akamsikia mzee amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee simu inaposhika, anapaza sauti: "Kimepasuka! Kiraka! Sijui ni baridi!"

Gerald akaja. Wakaziba upya, wakalinda jiko, wakacheka. Akaondoka. Na kiraka kikapasuka tena.

"Kwa mzee huyu hakijawahi kupasuka kitu," Marieta alijisemea, lakini hakulifuata wazo hilo mpaka siku ya kufua. Alilitia shati la mzee kwenye beseni, akalisugua, na mara mikono ikaanza kumwasha kuanzia vidole hadi kwenye viwiko. Aliujua muwasho huo. Ni vumbi la faiba, lile linalotoka ukiipiga msasa au kuikata. Lakini wiki ile yote mzee hakuwa na kazi ya msasa. Alisema anangoja Gerald alete rezini.

Marieta alijifuta mikono, akainama, akaingia uvunguni mwa boti kwa magoti yake mabovu. Akapapasa kiraka. Ufa ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, kingo zake laini. Kwenye majani chini yake kulikuwa na unga mweupe, na juu ya tairi lililoiegemeza boti, bapa la msumeno wa chuma lilikuwa limesahauliwa, limefungwa kitambaa upande mmoja ili lisiumize kiganja.

Alikaa mle ndani kwa muda. Kuku mmoja alikuja kumwangalia.

Usiseme hakujua la kufanya. Alijua. Alirudi kwenye beseni akamaliza kufua. Mzee aliporudi na ng'ombe, alimwambia, "Baba Gerald, shati lako linawasha."

Tluway alifungua zizi, akaingiza ng'ombe, akafunga. Akahakikisha amefunga.

"Basi lifue peke yake," alisema.

Yakaishia hapo. Tangu siku hiyo, mzee akipanda kichuguu na kupaza sauti kwamba kimepasuka, Marieta alikwenda bandani kuchagua jogoo.

Lakini mtu husafiri mpaka anachoka. Safari ya mwisho Gerald hakuja peke yake. Alikuja na lori, na ndani ya lori fundi kijana wa faiba, jina lake Hermani.

"Shikamoo mzee," alisema Hermani.

"Marahaba."

Hermani akaingia uvunguni. Tluway alisimama karibu na mkia wa boti, kofia mkononi. Marieta aliviona vidole vya kijana vikipita kwenye ule ufa, polepole, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha vikarudi mwanzo. Faiba iliyopasuka yenyewe huacha nyuzi kama ndevu. Hii haikuwa na ndevu. Hermani akageuza shingo, akamtazama yule mzee juu yake, na mzee akatazama pembeni, kwenye maharage.

"Vipi?" aliuliza Gerald.

"Ni ufa tu," alisema Hermani. Akatoka, akajipangusa magoti. "Ufa wa kawaida. Baridi ya huku ni kali."

Gerald akashusha pumzi. Akamwendea baba yake, akamshika bega kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Baba, si kosa lako. Macho yamechoka, na mikono nayo. Umefanya kazi kubwa kwenye injini. Lakini faiba, tumwachie Hermani. Ataimalizia Mwanza, kuna joto."

Majirani walikuwa wamekusanyika kusaidia kupakia, wakasikia. Qamara aliinama, akaanza kupanga magogo. Marieta akamtazama mumewe, mtu ambaye mashamba yote ya ngano yalimwita kwa jina kila kitu kilipovuja, na akangoja aseme kwamba mikono yake haijachoka. Neno moja lingetosha.

"Kweli," alisema Tluway. "Nimezeeka."

Marieta alitaka kusema yeye. Lilikuwa limeshafika kooni. Lakini mzee alimtupia jicho, na kwa miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kumwomba kitu kwa jicho la namna ile. Akalimeza.

Wakaisukuma boti kwa magogo mpaka kwenye lori, kelele nyingi, huku, huku, vuta! Kuku walizunguka wakitafuta viota vyao. Marieta alimfungia Gerald jogoo aliyekwisha kuchemshwa, kwenye mfuko wa plastiki, maana alisema hawezi kukaa kula, dereva anataka kulivuka bonde kabla ya mvua.

"Sasa mmepumzika na takataka yangu," Gerald alisema akicheka, ameshapanda. "Nitapiga simu, mama."

"Piga."

"Baba, nitapiga."

Tluway alipunga kofia. Lori likashuka, pua nyeupe ya boti ikionekana juu ya mahindi, ikipanda na kushuka, mpaka kwenye kona ya kanisa. Majirani wakatawanyika.

Pale ilipokuwa boti, majani yalikuwa yamegeuka manjano, umbo la boti kamili, na pua yake. Tluway alikwenda akasimama katikati. Aliokota kipande cha kitambaa cha faiba, akakikunja, akakitia mfukoni.

Marieta akamfuata, akasimama naye mle ndani ya majani ya manjano.

"Baba Gerald. Ungemwambia."

"Ningemwambia nini?"

"Unachokitaka. Mimi mbona sijawahi kukisikia kwa mdomo wako? Niambie hata mimi."

Mzee alivaa kofia, akaivua tena. Lori lilisikika likibadilisha gia mbali kule bondeni, kisha halikusikika.

"Nilitaka aje," alisema Tluway, "siku ambayo hakuna kilichoharibika."