Damu Iliyorudi kwa Mwenyewe

Mimi nauza nyama, na damu naijua. Ikishatoka imetoka, unamwaga maji, unapiga ufagio, basi. Ndiyo maana nilipoingia chumba cha wagonjwa mahututi nikaona mrija unatoka kifuani mwa mdogo wangu, damu inashuka kwenye chombo, nilijua anakwisha.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye benchi la nje, mkono wa gauni nimeukunja, nasubiri kuitwa. Wifi yangu alikaa upande wa pili, tumepeana mgongo. Damu yangu na ya mdogo wangu ni kundi moja, tena adimu. Nilijiambia leo atake asitake ataibeba. Maana hatusemezani: nilimsema mkewe mbele za watu, naye akaniambia mimi si dada yake tena. Sasa damu yangu ikimwingia, alirudie neno hilo nimsikie!

Hakuna aliyeniita. Upasuaji wa moyo ukaisha, damu yangu ninayo yote.

Basi nikamvaa muuguzi. Nikamuuliza mtu anaachwaje avuje hivi na mimi nipo hapa, mzima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akanionyesha: chombo kinakusanya damu, mashine inaisafisha, na mfuko ule wa juu unamrudishia mwenyewe. Hata kwenye upasuaji walifanya vivyo hivyo. Mwili hauigomei damu yake, akasema, na ile ya akiba, ambayo haitoshi kamwe, anabakiziwa mwingine.

Damu inafuliwa kama shuka? Halafu uchungu ukaniingia. Kumbe amepata njia ya kuishi bila mimi.

Alipofumbua macho, hata pole sikumpa.

"Yaani hata damu yangu umeikataa?"

Akalowanisha midomo kwa ulimi. "Mama alipougua ulimtolea damu mpaka ukaanguka, dada." Akavuta pumzi. "Nilimwomba daktari atafute njia, wasikuguse."

Nilimshika mguu juu ya shuka nikalia.

Mle ndani wanaruhusu mtu mmoja mmoja. Nikashusha mkono wa gauni, nikatoka nje hadi kwenye benchi, nikamgusa wifi yangu begani.

"Ingia wewe," nikamwambia. "Mumeo ameamka."