Mlio wa Mara Tatu

Saa mbili na robo asubuhi Mama Chapa alikuwa ameshafuta meza yake ya bluu pale kibarazani, amechomeka waya wa umeme na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ya kompyuta mpakato ikavuma. Kijitaa cha pembeni kikawaka. Lakini kioo kilibaki cheusi kama sahani ya masizi, na ndani ya mashine ikatoka sauti nyembamba: pii, pii, pii. Kisha kimya.

"Imekusalimia," alisema wifi yake, aliyeketi kwenye ngazi akimenya chungwa.

"Salamu gani hiyo? Jana haikulia."

Alizima, akawasha tena. Pii, pii, pii. Wifi akaacha kumenya.

Jina la Mama Chapa lilitoka kazini. Miaka ishirini na miwili alipiga chapa barua za bohari moja ya chumvi, hadi siku mashine za chapa zilipouzwa kama vyuma chakavu na wapigaji wakarudishwa nyumbani. Wenzake walilia. Yeye alijiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, akakaa dawati la mbele, mtu mzima kuliko mwalimu. Sasa aliandikia watu barua, mikataba na maombi ya kazi, na hakukuwa na mtaa wa jirani usiojua kibaraza chake.

Orodha iliyokuwa ndani ya mashine ile haikuwa ya mchezo. Halmashauri ilikuwa inajenga soko upya, na tangazo lilibandikwa getini: muuzaji ambaye jina lake halitakuwa kwenye orodha ifikapo Jumatano saa sita mchana, meza yake atapewa mwingine. Chini yake, kwa herufi nene: *Orodha iwe imepigwa chapa, nakala tatu. Mwandiko wa mkono haupokelewi.* Leo ndiyo Jumatano. Meza ya nyanya na vitunguu ya wifi ilikuwa pale getini kwa miaka kumi na tisa.

Mama Chapa alizunguka sokoni siku mbili nzima, kompyuta akiitua juu ya magunia ya maharage, akiandika majina papo hapo watu wakimtajia. Majina arobaini na matatu. Hakuyanakili kwingine. Alijiambia atayaweka kwenye flashi akishayapanga vizuri.

"Tukawaulize tena, uandike kwa kalamu, ukapige kwingine," alisema wifi.

"Leo Jumatano. Nusu yao wamekwenda kupokea mizigo, hawarudi kabla ya saa nane."

"Basi fanya kitu, wifi. Mimi mikono yangu inajua vitunguu tu."

Walivuka barabara hadi kwenye kibanda cha fundi simu. Fundi aliwasha, akasikiliza, akazima. Yote hayo hayakuchukua muda wa kupiga chafya.

"Programu imekufa, mama. Tunaipiga upya. Saa moja tu, inarudi kama mpya."

Wifi alishusha pumzi. Mama Chapa naye nusura akubali. Neno *kupiga* lilikuwa neno lake, alikula nalo maisha yake yote, na masikioni mwake halikuwa na ubaya. Mkono wa fundi ulikuwa tayari umeshika bisibisi Mama Chapa alipouliza, kwa mazoea tu ya mtu aliyezoea kusoma karatasi hadi mstari wa chini:

"Ukiipiga upya, vilivyomo vinakaaje?"

"Vinaondoka. Unaanza safi."

"Vyote?"

"Si ndiyo maana yake, mama? Kupiga upya ni kufuta."

Mama Chapa aliichukua mashine yake, akaikumbatia kifuani.

"Kwetu sisi kupiga ni kuandika, mwanangu. Hebu niambie: programu ikifa, kioo hakionyeshi hata jina la mtengenezaji?"

Fundi alijikuna shingo. "Jina linaonekana. Kisha ndiyo inakwama."

"Hapa hakuna jina. Hakuna hata mwanga. Ni kilio tu."

"Basi itakuwa ubao wa ndani. Niachie, upite wiki ijayo."

"Wiki ijayo nyanya zangu zitakuwa zimepangwa kwenye meza ya nani?" wifi alidakia, na wakarudi kibarazani.

Chini ya godoro Mama Chapa alikuwa na mfuko wa nailoni wenye vyeti, picha za harusi na kijitabu kilichokuja na kompyuta. Aliketi nacho, miwani puani, kamusi pembeni, na daftari la kuandika kila anachofanya. Mwalimu wa jioni aliwafundisha hivyo: jaribu jambo moja, andika, ndipo ushike jingine.

"Unasoma saa hizi?" wifi aliuliza. "Saa tatu na nusu."

"Nikikimbia nitakosea. Nyamaza kidogo."

"Ndiyo maana kaka yangu alikuoa. Mkaidi alitafuta mkaidi mwenzake."

Kwanza alichomoa kila kilichochomekwa: kipanya, flashi, waya. Akawasha kwa betri. Pii, pii, pii. Akaandika. Kisha alitoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia akihesabu hadi thelathini, umeme uliobaki ndani utoke. Akarudisha, akawasha. Pii, pii, pii. Akaandika tena, mwandiko ule ule ulionyooka, ingawa jasho lilikuwa limeanza kumtambaa mgongoni.

Ukurasa wa hamsini na moja ulikuwa na jedwali la milio. Mlio mmoja, miwili. Alishuka kwa kidole. *Mitatu: kumbukumbu haionekani au haijakaa sawasawa.*

"Wifi, imesahau."

"Imesahau nini?"

"Imesahau kuwa ina kumbukumbu. Niletee kile kibisibisi cha cherehani."

Alizima, akachomoa waya, akatoa betri, akaigeuza mashine kifudifudi na kufungua kifuniko kidogo. Vumbi la kahawia lilimwagika mezani. Wifi alilishika kwa ncha ya kidole, akanusa.

"Maharage haya. Ya yule mwenye gunia lililotoboka."

"Nilijua atatuponza. Anaongea huku anapepeta."

Alichomoa kibanzi cha kumbukumbu, kipande chembamba kirefu kama kidole cha shahada, na kwenye ukingo wake kulikuwa na meno madogo ya rangi ya dhahabu yaliyofifia. Mama Chapa alifungua droo. Ndani, kwenye kopo la peremende, ilikuwamo raba yake ya kufutia ya enzi za bohari, ile ya duara ya wapiga chapa, yenye kiburashi mkiani. Hakuwahi kuitupa. Alisugua meno yale kwa wepesi, maana raba ile ina makali, kisha akafagia tundu kwa kiburashi hadi vumbi lote likatoka. Akarudisha kibanzi, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili. *Ta!* Kikakaa. Akarudisha na betri.

Aliwasha. Wote wawili walitega masikio wakingojea mlio.

Haukuja. Jina la mtengenezaji likachomoza kwenye kioo, jeupe, taratibu kama mtu anayeamka.

Mama Chapa aliandika daftarini: *Raba. Imewaka. Saa nne na dakika hamsini.* Kisha akaiweka orodha kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine.

Saa sita kasoro kumi walikuwa mbele ya karani wa halmashauri, na nakala tatu zilizotoka kwenye duka la fotokopi zikiwa bado na joto. Karani alizikagua, akagonga mhuri kwenye zote, akawarudishia moja. Halafu alivuta daftari kubwa jeusi, akachukua kalamu, akaanza kunakili majina na biashara zao. Kwa mkono. Mwandiko wake ulilala huku na huku kama ua lililobomoka.

Wifi alitazama kalamu ile ikitambaa. "Mbona unaandika kwa mkono?"

"Kompyuta ya ofisi haiwaki. Mwezi wa pili sasa."

"Inafanyaje?" aliuliza Mama Chapa.

Karani alinyoosha mkono bila kuinua macho, akabonyeza. Chini ya meza ikasikika: pii, pii, pii.

Wifi aliuma midomo, akageukia ukutani.

"Huenda ni meno yake machafu tu," alisema Mama Chapa. "Namba saba umeiruka herufi. Na huyo wa namba tisa anauza dagaa tu, wewe umemwongezea vitambaa vya namba nane."

Karani alisahihisha, kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mama, unayajua mambo haya? Tusaidie basi. Wakubwa hawatusikii."

Mama Chapa aliikunja nakala yake yenye mhuri mara mbili, akaitia kwenye mkoba, kando ya lile kopo la peremende, akafunga zipu.

"Kibaraza changu kiko nyuma ya soko, meza ya bluu. Nafungua saa mbili. Leteni barua ya maombi, nakala tatu, iliyopigwa chapa." Alirekebisha miwani. "Mwandiko wa mkono sipokei."

Walishuka ngazi, wifi akiwa amejishika mbavu, na nyuma yao kalamu ya karani ikaendelea kukwaruza: namba kumi, namba kumi na moja.