Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Mkwe

Clemens, fundi kompyuta wa Milanzi, Sumbawanga, aliogopa vitu viwili duniani: radi na mama mkwe wake. Radi ina msimu wake. Bibi Klementina alikaa mtaa wa pili, mwaka mzima.

Msidhani alikuwa mkali. Hakuwahi kumgombeza, na wala asingeweza, kwa sababu katika ukoo ule mama mkwe na mume wa binti yake hawasemezani. Hawatazamani usoni. Ukiwa na neno unampa mkeo, mkeo analipeleka, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa miaka sita ya ndoa, Clemens alizijua kandambili za mama mkwe kuliko uso wake.

Jumanne hiyo mkewe, Edith, alikuwa Mbeya kwenye semina ya wauguzi. Akapiga simu asubuhi.

"Mama anasema kadi imekataa mara tatu leo. Nenda ukahamishe vilivyomo kabla haijafa kabisa. Mimi naingia darasani, nazima simu."

"Sasa nitaongea naye vipi?"

"Uongee naye ili iweje? Hamisha, ondoka."

Simu ikakatika.

Kadi yenyewe ilikuwa ya kuhifadhia mchezo kwenye mashine ya gemu ya zamani, aliyoiacha kaka yake Edith alipohamia Tunduma. Bibi Klementina alivunjika nyonga miaka minne iliyopita. Ng'ombe wake kumi na mmoja kule kijijini Mwimbi wakauzwa, naye akaletwa mjini kulala chali akihesabu mabati. Ndipo mwanawe akamwonyesha gemu ya kilimo. Kiingereza hakujua hata neno moja, lakini vitufe alivikariri kama rozari. Akalima, akapalilia, akakamua. Na wale ng'ombe waliouzwa akawafuga upya humo ndani, kila mmoja kwa jina lake, herufi moja baada ya nyingine. Mwaka jana mashine ilipogoma siku tisa, hakula. Daktari alitafuta ugonjwa asiuone. Kwa hiyo Clemens alijua vizuri anaendea nini.

Kisomeo cha kadi alikuwa amekwisha kukipata mapema huko Laela, kwa bwana mmoja aliyewahi kuchezesha watu gemu: kidude cheusi, huku unachomeka kadi, huku waya wa kwenda kwenye kompyuta. Kilitengenezwa kwa kompyuta za enzi zile, na laptop yake mpya ilikikataa wiki mbili nzima, ikidai draiva yake, ile programu ya kukiendesha, haina sahihi inayoaminika. Siku ya kumi na tano Clemens aliuzima ulinzi wa laptop, akawasha upya, na taa ya kijani ikawaka. Alinunua na kadi nyingine ya mtumba, tupu. Kazi ilikuwa nyepesi kuisema: asome kadi ya mama aiweke kwenye laptop, kisha aandike kwenye ile ya mtumba.

Alifika saa nne, umeme ukiwa umekatika. Akapiga makofi mawili mlangoni, ndiyo salamu yake. Ndani akajibiwa mawili, na pazia la chumbani likashushwa. Runinga na mashine vilikuwa huko chumbani, kando ya kitanda, mahali ambapo mkwe hakanyagi. Sebuleni, mezani, aliwekewa kadi juu ya kitambaa cha kufuma, na kikombe cha uji wa ulezi. Clemens akaweka kadi yake ya mtumba pembeni, akafungua laptop. Betri ilikuwa asilimia ishirini na sita.

Alinyoosha mkono kuchukua uji, kiwiko kikasukuma kitambaa, na kadi zote mbili zikaanguka sakafuni. Moja ikaishia mguuni pa kiti. Nyingine ikateleza hadi karibu na pazia.

Aliziokota, akaziweka kiganjani. Zote nyeusi, zote zimechubuka, hakuna yenye alama.

Angeweza kuzijaribu kwenye mashine, lakini mashine ilikuwa chumbani, na umeme haukuwepo. Angeweza kuzisoma zote mbili, lakini kila kusoma ni nusu saa na betri isingefika. Programu nayo ilikuwa na vitufe viwili tu, soma na andika. Kilichomo ndani haionyeshi. Alimpigia Edith. Simu haipatikani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hao hawakuwa na mama mkwe kama huyu.

Akachagua ile iliyokuwa karibu na pazia. Nyuma ya pazia mama mkwe akakohoa. Akaichomeka, akabonyeza soma, na mama mkwe akakohoa tena, kwa muda mrefu. Baridi ya Sumbawanga, alijisemea Clemens, bibi huyu avae sweta.

Kusoma kulikwisha betri ikiwa kumi na tatu. Akachomoa, akachomeka ya pili. Kidole kilisimama juu ya kitufe cha kuandika. Fundi yeyote mwenye akili angefunga laptop na kurudi kesho. Lakini kurudi kesho kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka mdomo. Akabonyeza.

Umeme ulirudi saa sita. Clemens aliziweka kadi kwenye sinia, akalisukuma chini ya pazia, akarudi kitini kusikiliza. Mashine iliwaka. Ukapita ule muziki wa mwanzo. Baada ya hapo, Edith aliwahi kumwambia, kila siku huwa analia jogoo, ishara kwamba shamba limefunguka.

Jogoo hakulia.

Alisikia kadi ikichomolewa, nyingine ikichomekwa. Muziki uleule, kimya kilekile. Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga alikuwa yeye, kwa kidole chake mwenyewe. Aliwaza zile siku tisa bila kula. Akauona msiba, maturubai, na Edith akimwangalia ng'ambo ya jeneza. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Aliutazama mlango ule kwa muda, na sitawaficha, alikwisha kuinuka.

Kisha akapiga magoti pale pale, akainamisha kichwa, akaliambia pazia.

"Mama. Mimi ni Clemens. Shamba limepotea. Nimelifuta mimi."

Neno la kwanza katika miaka sita, na ndilo hilo. Alingoja kilio. Pazia likafunguka. Akaona kandambili anazozijua, na fimbo, na zile kandambili zikamkaribia hadi usoni pake.

"Nilikuona," Bibi Klementina alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. "Nilikuwa nachungulia. Yangu iliangukia mguuni pa kiti. Wewe ukachukua ile nyingine."

"Mama ulikohoa."

"Nilikohoa mara mbili. Neno lilinifika hapa kooni. Nikasema nikifungua mdomo nitamvunjia mkwe wangu heshima. Nikalimeza."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake. Hapakuwa na mtu wa tatu pale sebuleni, na wala hakuna aliyemtafuta.

"Una kalamu?" akauliza. "Andika majina, tutawaingiza tena. Mapengo. Huyo wa kwanza. Jumapili, alizaliwa Jumapili ya Matawi. Kibuyu. Mjane. Mwalimu."

Clemens akaandika nyuma ya risiti, haraka. Mama mkwe akataja Kisura, na baada ya kufikiri, Sabuni. Kalamu ikangoja.

"Wa nane," alisema bibi. "Huyu mwekundu, mwenye pembe moja imepinda. Huyu nilikuwa namwona kila asubuhi pale kwenye runinga, jina lake juu yake."

Midomo yake ikajaribu kitu, ikaacha. Akaanza upya, Mapengo, Jumapili, Kibuyu, Mjane, Mwalimu, Kisura, Sabuni, mbiombio, kama anayetaka kumshtukiza huyo wa nane. Akafika pale pale akasimama.

Clemens akasahau mwiko, akainua uso. Ndipo alipoyaona macho ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, na yalikuwa yanaogopa kuliko yeye.

"Clemens," aliuliza polepole, "alikuwa anaitwa nani?"