Wimbo wa Palizi na Simu Tatu

Makhanu mwenyewe hukiri: siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuwa na mshindani.

Alitoka mjini Kakamega hadi kwao Shinyalu kumrekodi Senje Navalayo, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Baba alikuwa ametunga wimbo wa palizi, wa kuwachekesha watu mahindi yakifika magotini, na kanda pekee iliyoubeba ilitafunwa na redio miaka mingi iliyopita. Sasa wimbo ulibaki katika kifua kimoja tu, na kifua chenyewe kilikuwa na pumu.

"Nitaimba mara moja," Senje alisema. "Ukikosa, umekosa."

Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Makhanu alicheka. Laptopu ilikuwa imejaa chaji. Hiyo ingekilisha kisanduku cha sauti kwa waya wa USB, nacho kisanduku kingezilisha maikrofoni mbili. Akaeleza haya yote kwa sauti ya mwalimu mkuu, na hapo ndipo alipojiponza. Jirani yao Osiako akauliza kama laptopu inaweza kulisha simu pia.

"Simu ni kitu gani?" Makhanu akasema, akatoa kigawanyio, kile kinachogeuza tundu moja la USB kuwa manne. Kisanduku kikachukua tundu la kwanza. Simu ya Osiako ikafuata, ya mkewe Zilpah, halafu ya Senje mwenyewe. Kwao mtu hamnyimi jirani kaa la moto la kuwashia jiko. Angeanzaje kunyima chaji?

Senje akaimba. Makhanu akavua vipokea sauti masikioni, akafumba macho. Alimwona baba yake akianika betri sita za redio juu ya mabati, akizigeuza kama dagaa, huku akimfokea kila aliyepita: leo hakuna taarifa ya habari, hizi ni za kurekodi. Hata harufu ya udongo uliotoka kupinduliwa ilimjia.

Alipofumbua macho, taa ya kisanduku ilikuwa imezima. Simu zilikuwa zimekinyang'anya nguvu, na kwenye skrini wimbo ulikuwa umekatika ubeti wa kwanza.

Osiako akaanza kuwakagua kuku uani kana kwamba anataka kununua.

"Senje, hizi simu ndizo zimeharibu," Makhanu alisema. "Na yako imo, usisahau. Kwa hivyo kosa ni letu sote, na wimbo tuurudie."

"Letu sote?"

"Mimi nilikuwa nawasaidia tu."

Senje alikohoa, akanywa maji, akavuta kiti karibu na maikrofoni.

"Mwenye ng'ombe ndiye anajua maziwa yanatosha vikombe vingapi," alisema. "Mimi niliwekewa kikombe, nikakunywa. Chomoa hizo simu, uanze na yangu. Na safari hii usifumbe macho. Baba yako hakuwa anayafumba."