Karatasi ya Muwasho

Docus alichambua kahawa nusu macho, nusu usingizi. Vile vidonge vya njano alivyopewa na zahanati, mwezi wa tatu huu, havikuondoa muwasho, vilimwondoa yeye. Vidole vilitoa punje nyeusi na zilizovunjika, roho ikapanda zake Rwenzori, ikalala kifudifudi juu ya theluji ambayo aliiona kila asubuhi isiyo na mawingu na hakuwahi kuigusa. Huko juu ngozi ilinyamaza.

Kisha kiwiko kikaanza tena, akazinduka anajikuna.

"Mama Thembo, acha," mwenzake Night alimnong'oneza. "Asanasio iko anaangalia."

Walikaa wakitazamana kwenye turubai moja. Ndivyo ghala lile la Bwera lilivyofanya kazi: wachambuaji wawili wawili, turubai lao wenyewe, na asiye na mwenzake hapewi gunia. Miaka sita wamekuwa hivyo. Docus akifukuzwa, Night naye kazi hana.

Asanasio, msimamizi wao, alikuja na daftari kwapani. Tangu habari za mpox zivume pale mpakani mwa Uganda na Kongo, bwana huyu aliogopa ngozi za watu kuliko alivyoogopa moto.

"Docus, toka. Wanunuzi ya Kasese inakuja saa nane. Kama hauna karatasi ya musawo yenye inasema hii kitu haiambukize, humu ndani usiingie tena."

"Bosi, musawo alipima damu, hakuona kitu. Yeye mwenyewe hajui ni nini."

"Basi aende ajue."

Musawo, tabibu wa zahanati, alikuwa na wagonjwa hadi uani. Alimsikiliza Docus bila kuketi. "Ugonjwa haina jina, mama. Niandike nini? Enda Mbarara, kule iko dokita wa ngozi."

Mbarara! Heri angemwambia aende mwezini. Docus alitoka nje na jua limewaka, dawa imempanda kichwani, barabara ya Mpondwe inaelea mbele yake. Ndipo wazo lilipomjia, tamu kweli. Pale kwenye daraja la mpakani kuna hema la wapimaji wa afya, na hao ndio serikali imewaweka wazuie magonjwa. Wakimruhusu hao kupita, Asanasio ni nani? Akavuka mto Lhubiriha hadi upande wa Kongo, akageuka papo hapo, akapanga foleni ya kurudi kwao.

Mpimaji wa zamu, Swalik, alimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. "Iko sawa. Pita."

"Angalia na mikono, musawo." Docus alipandisha mikono ya gauni.

Swalik aliigeuza mikono yake huku na huku. Mikwaruzo ya kucha tu, hakuna lengelenge hata moja. "Hii si mpox. Pita, mama, batu beko nyuma yako."

"Basi niandikie."

"Tunaandika mutu mwenye tunazuia. Mwenye anapita, hatumuandikie."

Docus akavuka tena, kwa ukaidi. "Wewe tena?" "Mimi." "Pita." Mara ya tatu Swalik alicheka, wala si kwa ubaya, akampisha. Kalamu ilibaki mfukoni mwake.

Akashuka mtoni, akatumbukiza mikono hadi mabegani. Maji yalitoka mlimani, yalikuwa baridi mno. Muwasho ukakatika. Hakujua alikaa pale muda gani, kichwa kikiyumba kwa usingizi, huku Uganda na kule Kongo, machozi yakimtiririka kwa raha na kwa uchungu. Mara tatu amepita mbele ya serikali, na hana hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Saa nane ilimkuta mlangoni mwa ghala.

"Karatasi?" aliuliza Asanasio.

"Mutu mwenye anapita haandikiwe."

"Basi huingii. Na wewe Night, simama, hauna mwenzako."

Night alisimama. Aliinama akashika pembe mbili za turubai, akaliburuta pamoja na kahawa yake yote, taratibu, mpaka nusu ikawa nje ya kizingiti. Nusu nyingine aliiacha ndani, akarudi kukaa mahali pake.

Docus aliketi nje juani, kwenye nusu yake. "Sijaingia, bosi."

Asanasio alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Barabarani lori la wanunuzi lilikuwa tayari linapiga honi. Docus alipandisha mikono ya gauni hadi mabegani na kujikuna waziwazi, bila haraka, mpaka akaridhika. Kisha akaingiza mkono katika kahawa, akatoa punje nyeusi.