Uzito Uliokaa Hewani

Kwa miezi saba fundi wa maabara ya plastiki alikuwa amenuniana na tanuri. Kiwanda kilitaka vifuniko vya taa vinavyoonyesha kama kioo na kustahimili joto. Akriliki tupu, ile plastiki angavu, joto likipita la maji yanayochemka, ililegea na kuinama kama mlevi. Alipoipika pamoja na kimiminika kingine, ili molekuli zao zishikane mnyororo mmoja, ilikaza vizuri, lakini ikatoka na ukungu kama maji ya mchele.

Asubuhi hiyo alibadili vipimo tena. Kipande kipya kililazwa tanurini juu ya nguzo mbili, kikabebeshwa uzito wa chuma katikati. Saa mbili baadaye shemeji yake, mwangalizi wa tanuri, alichungulia dirishani akaguna.

"Shemeji, nani kakitoa kipande chako?"

"Nani akitoe? Humo unaingiza mkono wewe peke yako."

"Basi njoo uone mwenyewe."

Fundi alikuja na hasira zake zote, maneno yamemjaa mdomoni. Akainama. Nguzo mbili zilikuwepo. Kati yake hapakuonekana kitu, ila ule uzito ulikuwa umetulia palepale, hewani, haujashuka hata unywele.



"Umeushikilia na nini?" shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alisogeza kichwa kando, akaona ukingo mwembamba wa kipande ukimetameta kati ya nguzo, mnyoofu, bila ukungu. Alipiga magoti mbele ya tanuri na, kwa mara ya kwanza tangu wanuniane, akalisemesha.

"Shikamoo."